Chevrolet Bel Air Sport Coupe ya 1957: Mwongozo Kamili wa Kuikagua, Kuinunua na Kuipanga Vioo

Shusha vioo vyote vinne vya Chevrolet Bel Air Sport Coupe ya 1957, kisha simama ubavuni mwake. Kutoka ukingo wa kioo cha mbele hadi paa linapoteremka kule nyuma, hakuna nguzo hata moja. Gari la paa la bati lenye uwazi wa namna hii huitwa hadtopu, na uwazi huo ndio watu wanaoulipia makumi ya maelfu ya dola leo. Ni uwazi huo huo unaomwingiza mnunuzi hasara. Kwenye gari la kawaida nguzo ya katikati hushikilia paa, hupokea komeo la mlango na huwa mahali pa kioo kuegemea. Ikiondolewa, mzigo wote unahamia kwenye sakafu, vizingiti vya milango na mipira ya kuzuia maji, na vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyochoka mapema kwenye gari la umri huu.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye bodi na kuiacha injini mwishoni, kinyume cha wanunuzi wengi wanavyofanya. V8 ya Chevrolet (injini ya silinda nane) ya miaka ile ina vipuri kila jimbo la Marekani, na fundi wa makamo yeyote kule anaifahamu. Ikifa, unapata nyingine. Bodi iliyooza na kulegea itakula fedha za injini tatu na bado mlango haujafunga sawasawa. Nimewaandikia hasa wenzetu walioko Marekani na Kanada, kwa kuwa magari haya yapo huko, lakini yeyote anayetaka kulielewa gari hili atanufaika.

Ujue unatafuta nini

General Motors walileta muundo huu sokoni kwa wingi mwaka 1949 kupitia Buick Roadmaster Riviera, Cadillac Coupe de Ville na Oldsmobile 98 Holiday. Chevrolet wakafuata 1950, na jina walilolipa gari lao lisilo na nguzo lilikuwa Bel Air. Kufikia 1957 jina hilo lilikuwa limepanda cheo na kuwa daraja la juu kabisa la magari yao makubwa, likiwa na bodi za aina mbalimbali chini yake. Sport Coupe ni hadtopu ya milango miwili, Sport Sedan ni hadtopu ya milango minne. Kuna pia sedani ya milango miwili yenye nguzo, ambayo kwa mbali humdanganya mgeni, na bei yake huwa chini kwa kiasi kikubwa. Daraja la pili, lililoitwa 210, nalo lilikuwa na hadtopu yake.

Kwa macho, Bel Air inajulikana kwa grili ya rangi ya dhahabu na bati la alumini lenye mistari lililojaza pembetatu ya ubavu wa nyuma, chini ya pezi. Alama ya V kwenye boneti na buti humaanisha gari lilitoka na injini ya V8, na kwenye Bel Air alama hiyo ni ya dhahabu. Tatizo ni kwamba mapambo yote haya yanauzwa mapya. Mtu anaweza kuchukua 210, akaifunga nakshi za Bel Air, akaiuza kwa bei ya Bel Air. Usiamini nakshi, soma namba.

Jambo moja likutulize kabla hujaanza: Bel Air Sport Coupe zilizotengenezwa kwa mwaka huo zilikuwa 166,426. Si gari adimu. Muuzaji akikuambia hutaona nyingine kama hii, mwache aseme. Zipo, na kila mwaka zinabadilisha wenyewe kwenye mikusanyiko kama Carlisle na Hershey kule Pennsylvania, au ule wa magari ya Chevrolet ya 1955 hadi 1957 unaofanyika Bowling Green, Kentucky.

Kabla hujasafiri: hati na namba

Mwombe muuzaji picha tatu, na asipokutumia usipoteze nauli: hati ya umiliki, kibati cha namba ya gari, na kibati cha bodi.

Kibati cha namba ya gari kimechomelewa kwenye nguzo ya bawaba za mlango wa dereva. Unakiona ukifungua mlango. Bel Air ya V8 huanza na VC57. V ni V8, C ni Bel Air, 57 ni mwaka. Herufi inayofuata ni kiwanda: L ni Los Angeles, F ni Flint, B ni Baltimore, T ni Tarrytown, na kadhalika. Kisha zinakuja tarakimu sita za mfululizo. Ukiona VB57, hilo ni 210. Ukiona C57 bila V mbele, gari lilizaliwa na injini ya silinda sita, na V8 iliyomo iliwekwa baadaye. Hilo si kosa, ila bei ishuke.

Kibati cha pili kiko kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Tafuta mstari wa mtindo: 57-1037D ndiyo Bel Air Sport Coupe. Herufi D ndiyo inayoitenganisha na 210. Ukikuta 57-1011D, hiyo ni sedani ya nguzo ya milango miwili, na 57-1039D ni hadtopu ya milango minne. Kibati hicho kina pia namba za rangi na vitambaa vya awali, zinazokuonyesha kama gari lililo jekundu leo liliwahi kuwa jeupe na bluu.

Namba iliyo kwenye kibati cha mlango lazima ifanane na hati herufi kwa herufi. Kukiwa na hitilafu hata ya tarakimu moja, arekebishe yeye muuzaji katika ofisi za jimbo lake kabla hujatoa senti. Kibati chenye dalili za kubanduliwa na kurudishwa kwa skrubu au gundi ni sababu tosha ya kuondoka, hata kama bei inavutia. Huko Marekani gari la namba zilizochezewa linaweza kuchukuliwa na polisi, na hasara itakuwa yako wewe uliye nalo mkononi.

Vifaa vya kubeba

Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi yenye mwanga mkali, turubai la kulalia, jeki na stendi zake, kipima mgandamizo wa silinda, geji ya shinikizo la oili, bisibisi, noti mbili tatu na kipande cha chaki. Vaa nguo za kazi. Muuzaji akikuona umevaa ovaroli anajua mapema kwamba utaingia uvunguni. Mwombe pia kwa simu asiiwashe injini siku hiyo mpaka ufike, na ahakikishe kuna bomba la maji karibu.

Mapengo ya milango

Ukifika, usikimbilie boneti. Nenda ubavuni, milango ikiwa imefungwa, utazame pengo lililo kati ya mlango na bati la nyuma yake. Lifuate kwa jicho kutoka chini hadi juu. Likiwa na upana mmoja mpaka juu, ni dalili njema. Likiwa pana chini na jembamba juu, gari limebonyea katikati: vizingiti au sakafu vimechoka, na sehemu ya mbele na ya nyuma zinainamiana. Kwenye gari lenye nguzo kasoro hii hujificha kwa muda mrefu. Kwenye hadtopu inaonekana, ukijua pa kutazama.

Fungua mlango nusu, ushike chini ya ncha yake, uunyanyue polepole. Ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimelika, na hiyo ni kazi ndogo. Usipocheza lakini bado pengo limeenda upande, tatizo liko kwenye bodi yenyewe.

Sasa fanya jaribio ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi. Weka jeki chini ya fremu, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, unyanyue mpaka tairi liachie ardhi. Usiingie chini ya gari bila stendi. Tazama tena lile pengo, kisha fungua na funga mlango. Gari hili lina fremu yake ya chuma iliyojitenga na bodi, kwa hiyo badiliko dogo ni la kawaida. Mlango ukigoma kufunguka, au pengo likabadilika waziwazi, bodi haina tena nguvu ya kujishikilia. Hapo unaongelea kuondoa bodi kwenye fremu, kuifunga vyuma vya muda ndani isijikunje, na kuchomelea vizingiti na sakafu upya. Kazi hiyo haimalizwi kwa wiki moja, wala fundi bodi mzuri hafanyi kwa bei ya chini.

Kutu: fuata njia ya maji

Kutu kwenye gari hili haitokei ovyo. Inafuata njia za maji, na ukizijua njia hizo hutahangaika.

Anza mbele. Mwaka 1957 Chevrolet waliweka njia za hewa ya chumbani juu ya taa kubwa, nyuma ya nyavu ndogo zilizo kwenye duara la taa. Tope na majani huingia humo na kubaki. Lile bati lililochomoza juu ya taa huoza kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo rangi ya juu inaweza kuwa safi kabisa huku chini hamna chuma. Ingiza mkono uvunguni mwa madigadi, upapase juu ya taa. Ukigusa magamba au tope kavu lililoganda, umepata jibu. Kisha teremka kwenye pembe ya chini ya madigadi, nyuma ya gurudumu la mbele, karibu na mlango, na upitishe sumaku. Inapoachia ghafla, chini yake kuna puti nene.

Ingia ndani. Inua zulia lote, si pembe tu ya kuonyeshea wageni. Kagua pale miguu ya dereva na abiria inapokaa, kisha chomoa kikalio cha kiti cha nyuma, kinatoka bila shida, uone sakafu iliyo chini yake. Ukikuta bati jipya limelazwa juu ya la zamani, umeona kazi ya haraka: maji yataingia kati ya mabati mawili na kuoza vyote. Sakafu iliyobadilishwa vizuri ina bati moja, mishono iliyofuata umbo la awali, na ukitazama chini ya gari utaona mihimili ya sakafu bado imeshikana na fremu kupitia bushi za mpira. Lami nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari wiki chache kabla ya mauzo isikufurahishe. Ikwangue kwa bisibisi, kwa ruhusa ya mwenye gari, hasa kwenye fremu inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma. Tope hukaa hapo miaka na miaka.

Kwenye buti, toa stepni na utazame shimo lake. Angalia pia kingo za sakafu ya buti zinapokutana na mabati ya pembeni. Maji yanayofika huku mara nyingi yametoka kwenye mpira wa kioo cha nyuma, kile kikubwa kilichokunjwa pembeni, ambao ukikauka hupitisha maji hadi kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti kisha chini. Doa la maji kwenye kitambaa cha rafu ni ushahidi wa kutosha.

Gari lililoishi Arizona au New Mexico litakuwa na mipira iliyopasuka na viti vilivyokaangwa na jua, lakini bati lake ni zima. Lililoishi Michigan au Ohio limekula chumvi ya barabarani kila majira ya baridi. Mimi ningechukua la jangwani lenye viti vibovu bila kusita. Viti vinashonwa.

Vioo vinasema ukweli

Hapa ndipo mnunuzi wa hadtopu anapotofautiana na mnunuzi wa gari lingine lolote. Mlango wa gari hili hauna fremu ya kukizunguka kioo. Kioo cha mlango kinasimama chenyewe: ubavu wake wa mbele unafuata kile kidirisha cha pembetatu, kichwa chake kinabana mpira uliopita chini ya ukingo wa paa, na ubavu wake wa nyuma unakutana na kioo cha pembeni cha abiria wa nyuma (hicho ndicho nitakachokiita kioo cha nyuma kuanzia hapa) bila chochote kati yao isipokuwa mpira mwembamba wa wima. Vyote hivyo lazima vikutane kila mlango unapofungwa, kwa miaka karibu 70.

Pandisha vioo vyote, funga milango, kaa ndani. Tazama kwa macho: unaona mwanga wa nje mahali popote? Kioo cha mlango na cha nyuma vimesimama sambamba au vimeachana juu na kugusana chini? Fungua mlango, weka noti juu ya mpira wa paa, funga, kisha ivute. Itoke kwa upinzani kidogo. Ikitoka kama hewani, kioo hakibani. Ikigoma kabisa au kioo kikalia, kimebanwa kupita kiasi na siku moja kitapasuka mlango ukifungwa kwa nguvu. Rudia kila baada ya kiganja kimoja, kuzunguka kioo chote.

Kisha omba maji. Bomba la bustani bila presha, ukianzia chini na kupanda taratibu, msaidizi akiwa ndani na tochi. Matone machache kwenye gari lililokaa gereji si msiba. Maji yanayoteremka kati ya vioo viwili ni habari nyingine, kwa sababu yanaingia ndani ya bati la ubavu, yanakaa chini kwenye vitundu vya kutolea maji vilivyozibwa na vumbi, na yanaozesha mwisho wa kizingiti. Ndiyo maana ukikuta vioo visivyokutana, urudi ukague tena pembe ya chini ya bati la nyuma, mbele ya gurudumu.

Vioo vilivyopangwa vibaya kwenye bodi iliyonyooka ni kazi ya siku moja au mbili na mipira mipya. Visivyokubali kupangwa ni bodi iliyokunjika. Kujua tofauti hiyo kunaweza kukuokolea maelfu ya dola.

Injini na giaboksi

Sasa fungua boneti. Gusa kichwa cha injini: kiwe baridi, kama ulivyoomba. Gari nyingi za V8 za mwaka huo zilikuja na injini ya inchi za ujazo 283, ya farasi 185 kwa kabureta ya koo mbili na 220 kwa ya koo nne. Silinda sita ilikuwa ya inchi 235 na farasi 140. Ile ya sindano za petroli iliyofika farasi 283 ilikuwa chache mno, na ukiambiwa unayo mbele yako, lete mtaalamu.

Utasikia sana maneno ya namba za injini na gari kulingana. Kwa 1957 hayathibitiki kwa njia hiyo. Mhuri ulio mbele ya kichwa cha silinda upande wa abiria una herufi ya kiwanda, kama F kwa Flint, tarakimu nne za mwezi na siku, kisha herufi za aina ya injini. Namba ya gari haimo. Unachoweza kuhakikisha ni kwamba tarehe ya injini inatangulia kidogo kutengenezwa kwa gari. Usilipe ziada kwa dai ambalo halina pa kuthibitishiwa.

Washa. Moshi wa bluu unaotoka sekunde chache tu za kwanza kwa kawaida ni sili za vali. Ukiendelea injini ikiwa moto, pistoni zinapitisha oili. Dashibodi ina taa ya oili tu, haina geji, ndiyo sababu umebeba yako. Injini ikipata moto, ondoa plagi zote na upime mgandamizo. Namba zenyewe si muhimu kama kufanana kwake: silinda nane zisitofautiane zaidi ya psi 20. Oili kidogo inayodondoka nyuma ya injini ni ya kawaida, kwa kuwa sili ya awali ya mwisho wa krenki ilikuwa ya kamba.

Kwenye Powerglide, giaboksi ya otomatiki ya gia mbili, kuna jambo la usalama: mpangilio wa gia ni P, N, D, L, R. Rivasi iko mwisho kabisa, baada ya L. Aliyezoea magari ya leo anaweza kusukuma akidhani anaingia gia ya chini, gari likarudi nyuma. Soma kwanza, ndipo uondoe mguu kwenye breki. Turboglide, otomatiki nyingine iliyoanza mwaka huo huo, ni laini sana kuendesha, lakini ni tata na mafundi wanaoiweza wamebaki wachache. Mimi nisingeinunua ila kama bei inaruhusu kuibadilisha.

Breki, usukani na jaribio la barabarani

Breki zote nne ni za dramu, na masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ni ya njia moja. Maana yake paipu moja ikipasuka, breki za magurudumu yote zinakwenda. Kanyaga pedeli kwa nguvu na ushikilie dakika nzima kabla hujaondoka. Ikizama polepole, usiliendeshe barabarani. Gari likiwa limesimama, usukani usicheze zaidi ya upana wa vidole vitatu.

Barabarani, nenda kwa mwendo wa mjini kwanza. Breki za dramu hazipendi kushikiliwa kwenye mteremko mrefu, na gari hili lina urefu wa mita 5 na uzito wa takriban tani moja na nusu. Acha nafasi mara mbili ya unayoacha kwenye gari lako la kila siku. Pita kwenye tuta upande mmoja na usikilize ubavuni: hadtopu nzima hulalamika kidogo kwenye mipira, iliyooza hulia bati kwa bati.

Bei na hati

Orodhesha ulichokiona kwa mafungu mawili: yanayofungwa kwa bolti na yanayochomelewa. Ya bolti jadili bei. Ya kuchomelewa pata makadirio ya fundi bodi kwa maandishi kabla hujatoa ofa, kwa sababu hapo ndipo makisio ya mdomo huongezeka mara mbili. Soko la vipuri linakusaidia, kwani kuna kampuni kama Danchuk ambazo biashara yake ni vipuri vya magari ya 1955 hadi 1957, na siku hizi hata bodi nzima mpya ya chuma inaweza kununuliwa. Bodi mpya, hata hivyo, haileti namba mpya, na gari lililojengwa hivyo litajwe hivyo kwenye mauzo.

Lipa kwa njia ya benki, mbele ya hati iliyotiwa saini, na hakikisha hakuna deni lililoandikwa juu ya hati hiyo. Chukua bima ya magari ya zamani inayokubaliana nawe thamani mapema. Bima ya kawaida italihesabu kuwa gari chakavu.

Kwa anayewaza kulipeleka nyumbani: Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, na usukani wa kushoto nao ni kikwazo. Uganda ilizuia mwaka 2018 magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Zungumza na wakala wa forodha kabla ya kununua, upate jibu la maandishi.

Ya kufanya kabla ya safari ya kwanza

Badilisha masta silinda iwe ya njia mbili, na mipira yote ya breki. Badilisha paipu za mpira za petroli, kwa sababu petroli ya leo yenye ethanoli hulainisha mpira wa zamani. Tumia oili yenye zinki ya kutosha, maana kamshafti za injini hizi husuguana na tapeti bapa. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye mhuri wa DOT (Idara ya Usafirishaji ya Marekani) wa tairi: mbili ni wiki, mbili ni mwaka. Tairi la miaka kumi litolewe hata kama linang'aa.

Mikanda ya viti inahitaji fikra. Hakuna nguzo ya kufungia mkanda wa begani, kwa hiyo wengi hufunga wa kiunoni, ukishikwa sakafuni kwa bamba pana la chuma chini yake. Usiufunge kwenye bati tupu. Watoto wadogo mimi nisingewabeba humo.

Kupanga vioo, hatua kwa hatua

Nunua mipira yote mipya kabla ya kuanza: ya ukingo wa paa, ya mlango, ya wima kati ya vioo, na vile vitambaa vya manyoya vinavyofuta kioo kwenye kiuno cha mlango. Kupanga kioo kwa mpira wa zamani ni kazi bure, kwani utarudia yote.

Panga mlango kwanza, bila kugusa kioo. Bawaba zake zina matundu yanayoruhusu kuusogeza. Uufanye mapengo yawe sawa na komeo liingie bila kunyanyua mlango. Usihamie hatua inayofuata mpaka umeridhika hapa.

Vua mishikio ya ndani na ubao wa mlango. Utaona bolti zilizo kwenye matundu marefu. Zilegeze tu, usizitoe, na uweke alama ya chaki pale zilipokuwa ili ukipotea uweze kurudi. Anza na kidirisha cha pembetatu, kwa kuwa nguzo yake nyembamba ndiyo reli ya mbele ya kioo kikubwa. Kilale sambamba na nguzo ya kioo cha mbele.

Kisha kioo cha mlango, katika mpangilio huu: mbele na nyuma, kimo, mwisho mwinuko wa kuingia ndani. Mwinuko hupangwa kwa kusogeza sehemu ya chini ya reli: chini ikienda nje, kichwa cha kioo huja ndani. Paka chaki kwenye ukingo wa juu wa kioo, funga mlango taratibu, fungua. Mstari wa chaki kwenye mpira uwe mmoja, usiokatika, wenye upana sawa. Ukikatika katikati, kioo hakijafika. Ukiwa mpana mno upande mmoja, kimeinama. Funga vizuizi vya juu ili kisipande kupita hapo.

Kioo cha nyuma huja mwisho kabisa, kwa sababu kazi yake ni kukifuata kile cha mlango. Kipandishe, kisogeze mbele mpaka mpira wa wima ubonyee kidogo, na uhakikishe pengo ni moja juu na chini. Shusha na upandishe vyote mara kadhaa, fungua na funga mlango, kisha kaza bolti zote na urudie chaki, maana kukaza nako husogeza.

Safisha vitundu vya kutolea maji chini ya milango na mabati ya ubavu kwa waya laini kabla ya kurudisha mbao. Rudisha bomba la maji, ukianzia chini. Kukivuja kati ya vioo viwili, gusa kioo cha nyuma peke yake. Kukivuja juu ya mlango, legeza kioo cha mlango, kipange upya kwa chaki, kisha ukifuatishe cha nyuma tena.